Siyo Kila Siku ni ya Kurusha

Tangu shirika moja lilipoleta droni mbili hapa Dzaleka kwa ajili ya kuchora ramani ya makorongo na sehemu za maji, vijana wanapita kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu na kuuliza swali lile lile: "Dada fundi, kurusha ile kitu ni nguvu?" Nawajibu ukweli. Kurusha si kazi ngumu. Droni za siku hizi zinasimama zenyewe hewani, zinashika mahali pake kwa msaada wa setilaiti, na ukibonyeza kitufe kimoja zinarudi zilikotoka. Kijana aliyezoea michezo ya simu ataielewa kabla chai haijapoa. Kazi ngumu iko chini: kujua kama leo inafaa kupaa, na kuwa na moyo wa kusema hapana wakati watu wote wameshainua macho juu.

Ndiyo maana naandika. Kuna wenzetu wanaanza mafunzo hivi karibuni, na kuna wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili ambao wanatuagiza picha bila kujua picha inapitia wapi. Nitasema yale ninayoyajua kwa mikono yangu. Mimi ni fundi simu tangu zamani, na droni ukiifungua utakuta mambo mengi ni ya simu: betri, kamera, nyaya nyembamba, programu. Tofauti ni moja. Simu ikizima, mwenyewe anakasirika. Droni ikizima, inaanguka juu ya mtu mwingine.

Fikiria mahali tunapoishi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwenye eneo lililokuwa gereza, hapa wilaya ya Dowa. Ilipangiwa watu kama 10,000 hivi, na leo tumepita 50,000. Nyumba zimebanana, mama anapika nje, watoto wako kila kona. Huko mashambani droni ikianguka inaangukia mahindi. Huku kwetu inaangukia kichwa. Ile kubwa tunayotumia ina uzito karibu wa kilo moja. Chukua paketi ya sukari ya kilo moja, iachie kutoka mita 100, halafu uniambie kama ungependa mwanao awe chini.

Kuna jambo la pili. Malawi si ngeni kwa droni. Mwaka 2017 serikali pamoja na UNICEF walifungua eneo la anga la majaribio huko Kasungu, na Januari 2020 chuo cha droni kikafunguliwa Lilongwe. Majirani zetu Rwanda walianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa droni, na mwaka huo huo Zanzibar ikaanza kuchorwa ramani kwa droni. Hayo ni mazuri. Lakini wengi wetu hatukuijua droni kwa njia ya damu wala ramani. Wenzetu waliotoka Kivu ya Kaskazini wanakumbuka Desemba 2013, pale Umoja wa Mataifa ulipoanza kurusha ndege zisizo na rubani kutoka Goma. Hazikuwa na silaha, zilikuwa za kuangalia. Lakini mtu aliye chini haoni kama kuna silaha au hakuna. Anasikia mlio tu, na mlio wa juu kwa mtu aliyekimbia vita una maana yake.

Kabla ya kurusha mara ya kwanza tulipita nyumba kwa nyumba kueleza. Mama mmoja mzee, wa Rutshuru, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Iko na bunduki?"

"Hapana, mama. Iko na kamera tu."

"Ile ya kwetu pia walisema inaangalia tu."

Nilikosa la kusema. Akaendelea kuchambua maharage yake, kisha akaniangalia usoni. "Sasa mwanangu, ikianguka kwa nyumba yangu, nani atakuja kuongea na mimi? Ni ule mzungu ao ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi sawa. Nitakujua."

Hilo "nitakujua" nalibeba kila ninapofungua boksi la droni. Mgeni akimaliza kazi anapanda gari kwenda Lilongwe. Sisi tunabaki, tunapanga foleni bombani na watu wale wale. Kwa hiyo ukaguzi ninaoueleza hapa chini usiuone kama ushamba wa fundi. Ni ahadi tuliyowapa majirani, na inatimizwa kwa brashi na kitambaa.

Tuanze na betri, maana ndiyo inayoangusha wengi.

Betri ya droni ni ya lithiamu kama ya simu, lakini inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ndani yake kuna seli kadhaa. Seli ikijaa inafika volti 4.2 hivi, ikishuka chini ya volti 3 inaanza kufa. Programu ya droni inakuonyesha kila seli peke yake, nenda ukaangalie. Seli zote zinatakiwa zilingane. Moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti wakati betri imepumzika, betri hiyo inakuambia kitu. Skrini inaweza kuandika asilimia 60, lakini ile seli dhaifu itashuka ghafla ukiwa juu, na droni itaanza kujishusha yenyewe mahali usipopachagua.

Iguse betri kwa vidole. Imevimba? Ukiiweka mezani inayumba kama embe? Inaingia kwenye nafasi yake kwa kusukumwa? Hiyo imekwisha, hata kama imejaa chaji. Usiitoboe kutoa hewa, kama nilivyoona vijana wakifanya kwa betri za simu. Ikitobolewa inaweza kushika moto papo hapo, na moshi wake ni sumu. Iweke kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, kisha shirika lililoleta liichukue. Usiitupe jalalani, watoto wetu wanachokoa kila kitu.

Usichaji betri iliyotoka hewani ikiwa bado ya moto. Ngoja ipoe kabisa. Usiiache ikichaji ukaenda sokoni au ukalala. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo ukikatika chomoa chaja, ngoja utulie, ndipo urudishe. Na kama hurushi kwa siku kadhaa, usiiache imejaa wala imekauka. Iache katikati, karibu nusu, volti 3.8 kwa kila seli. Betri iliyojazwa ikakaa wiki mbili kwenye kibanda cha bati lenye joto inazeeka haraka kuliko iliyofanya kazi kila siku.

Asubuhi za Juni na Julai hapa Dowa unazijua, pua inauma kwa baridi. Betri nayo inasikia baridi, nguvu inapungua. Iweke ndani ya koti kabla ya kazi, na ukishapaa simama chini chini kwa dakika moja ili ipate joto. Halafu weka sheria moja ambayo haina mjadala: ikifika asilimia 30, unarudi. Usisubiri kengele. Upepo uliokusukuma ukienda ndio utakaokuzuia ukirudi, na kurudi dhidi ya upepo kunakula chaji mara mbili ya ulivyodhani.

Baada ya betri, mapangaboi. Sisi wa Kongo tunazoea kusema elisi, ni kitu kimoja.

Droni ya mikono minne ina mapangaboi ya aina mbili. Mawili yanazunguka kama mshale wa saa, mawili kinyume chake, na yanayofanana yanakaa kwa mshazari. Yote yana alama, na mikono ya droni ina alama. Ukiweka aina moja mahali pa nyingine, droni haitapaa. Itapinduka pale pale na kujikata yenyewe. Kama droni yako mpya inapinduka kila ukiiwasha, usikimbilie kusema mota imekufa. Angalia mapangaboi kwanza. Nimeletewa droni ya mtu wa mjini iliyokuwa "mbovu" mwezi mzima, na dawa yake ilikuwa kubadilishana nafasi pangaboi mbili.

Kila asubuhi pitisha ukucha pembeni mwa kila pangaboi, kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha. Ukucha ukikwama, kuna ufa au pengo. Likunje kidogo sana kwenye mwanga uone kama kuna mstari mweupe. Pangaboi lenye ufa haliungwi kwa gundi, halifungwi kwa uzi, halipigwi pasi. Linatupwa. Najua bei yake, najua mpaka lifike hapa ni wiki ngapi. Bado linatupwa. Na mazima yawekwe kwa jozi, maana moja jipya na moja lililochakaa yanatikisa mota.

Dalili moja ya pangaboi baya utaiona kwenye picha kabla ya kuiona kwa macho: video inatetemeka kama uji kwenye bakuli. Wengi wanalaumu kamera. Kamera inasema ukweli tu, kwamba mwili unatikisika.

Mota zenyewe adui wake ni vumbi, na sisi ndio tunaishi kwenye vumbi jekundu. Usipae kutoka kwenye udongo mtupu. Tandika mkeka, gunia, hata kitenge kikuukuu, lakini kikaze pembeni kwa mawe mazito kisije kikapanda juu na kuingia kwenye mapangaboi. Ukimaliza kazi, toa betri, kisha zungusha kila mota kwa kidole pole pole. Inatakiwa iende laini, zote nne sawa. Ukisikia mchakato kama wa mchanga kwenye meno, simama. Safisha kwa brashi kavu laini. Usitie mafuta ya kula, usitie mafuta ya cherehani. Mafuta yanakaribisha vumbi lote la kambi lije likae humo.

Halafu kuna dira. Droni inajua kaskazini kwa dira ndogo iliyomo ndani, na dira hiyo inadanganywa na chuma. Huku kwetu chuma kiko kila mahali: mabati, magari ya mashirika, spika za kanisani, na hata pale unapodhani pako safi, kwenye sakafu ya zege, nondo ziko chini ya miguu yako. Ukipata ujumbe kwamba dira ina shida, usianze kuirekebisha hapo hapo. Ibebe, toka kwenye zege, nenda kwenye uwanja wa udongo, weka simu na funguo mbali, ndipo ujaribu tena. Mara nyingi ujumbe unaondoka wenyewe. Irekebishe tu kama bado inalia, au kama umeihamisha mbali sana na ilikozoea. Ukiirekebisha karibu na bati, umeifundisha uongo, nayo itaufuata uongo huo hewani.

Dalili ya dira iliyodanganywa ni hii: umeiacha isimame, yenyewe inaanza kuzunguka, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi ambaye kamba yake inazidi kurefuka. Usibishane nayo, usiipeleke mbali. Ishushe mara moja wakati duara bado dogo.

Jambo la nne ni nyumbani. Droni haijui nyumbani kwako. Inajua tu mahali ilipokuwa wakati ilipopata setilaiti za kutosha. Ukipaa kwa haraka kabla haijaandika mahali pake, kitufe cha kurudi kitairudisha usikokujua. Kwa hiyo iwashe, iweke chini, subiri mpaka iseme imeshika nyumbani. Dakika mbili hizo tumia kuangalia anga na watoto wako wapi.

Na kurudi kuna urefu wake. Ikipoteza mawasiliano inapanda kwanza mpaka urefu uliouweka, kisha inakuja moja kwa moja kama mshale. Mgeni mmoja alikuja kurusha ndogo yake nje ya kambi, isiyo na macho ya mbele. Urefu wa kurudi ulikuwa mita 20. Kati yake na droni kulikuwa na mistari ya mikaratusi, na mikaratusi ya hapa unaijua, haina hata haya kwa urefu. Mawasiliano yalipokatika, droni ikarudi kwa utii kabisa, ikaingia kwenye mti. Alisema kifaa kimekosea. Kifaa kilifanya kilivyoambiwa. Ukifika mahali, tafuta kitu kirefu kuliko vyote, mti au mnara au tangi la maji, kisia urefu wake, ongeza mita 20, na uandike hiyo.

Mawasiliano yakikatika katika umbali mdogo, angalia mambo madogo kwanza. Antena za rimoti zinatoa nguvu kwa ubavu, si kwa ncha. Ukizielekeza ncha kwenye droni kama unamnyooshea mtu kidole, unapoteza. Usisimame nyuma ya nyumba ya bati. Angalia waya unaounganisha simu na rimoti, maana huo ndio unaokatika ndani huku nje ukionekana mzima. Uweke wa pili mfukoni. Simu ikipata joto kali inajifunga yenyewe, kwa hiyo itafutie kivuli, na uzime programu nyingine zote. Kusasisha programu ya droni kufanyike siku iliyotangulia, betri ikiwa imejaa na vifurushi vya intaneti vinatosha. Nimeona timu nzima ikikaa uwanjani inasubiri kitu kishuke kwa mtandao wa kambi mpaka jua likazama.

Picha nazo zina makosa yao ya kitoto. Toa kifuniko cha kamera kabla ya kuwasha, la sivyo kile kishikio kinachoisawazisha kamera kitapigana na kifuniko mpaka kiungue. Hakikisha memori kadi iko ndani na ina nafasi. Futa lenzi kwa kitambaa laini, si kwa ncha ya shati lenye mchanga.

Na angalia mwewe. Wanachukia droni, hasa wakiwa na vifaranga. Akianza kukuzunguka, usishuke kumkimbia, maana yeye anashambulia kutoka juu. Panda juu moja kwa moja, kisha ondoka eneo lake.

Sasa niseme ile siku.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua inakaribia. Korongo lililo nyuma ya nyumba za upande wetu lilikuwa limekula ardhi mpaka karibu na kuta, na picha za juu zilitakiwa ili wahandisi wajue wazibe wapi kwanza. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kilikuwa cha siku hiyo tu, saa tatu mpaka saa sita. Wageni walikuja na magari matatu. Viti vilipangwa kivulini. Watoto walikuwa wamejaa nyuma ya kamba.

Nikazungusha mota kwa kidole kama kawaida. Tatu laini. Ya nne, ya nyuma kulia, ikakwaruza. Nikasafisha kwa brashi, bado. Nikaiwasha, nikaipandisha mpaka usawa wa kichwa, mbali na watu, nikaisikiliza. Mlio wake haukuwa mmoja. Nikaishusha. Baada ya nusu dakika tu hewani, mota ile ilikuwa ya moto na wenzake vuguvugu.

Droni ya pili ilikuwa na betri moja nzima, nayo seli zake zilikuwa hazilingani.

Nikamwambia bosi wetu kwamba leo haturuki. Akanivuta pembeni. "Dakika tano tu, dada. Picha tatu. Wageni wametoka mbali." Nikamwambia mstari wa kazi unapita juu ya nyumba, na mota hii siwezi kuisemea. Akasema kifaa kiliruka vizuri wiki iliyopita. Nikamwambia wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita. Mmoja wa wenzangu tuliosoma pamoja akaninong'oneza kwa hasira kwamba nitatukosesha insentivu, kwamba watasema wakimbizi hawawezi, watamleta rubani wa mjini. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Sisi hatuna karatasi za kutafutia kazi nje ya kambi. Nafasi kama hii ikifungwa, imefungwa.

Nikatoa betri, nikaiweka mfukoni. Wageni wakapiga picha za korongo kwa simu zao wakiwa ukingoni, wakaondoka.

Jioni nikafungua mota ile kibandani. Ndani, kwenye sumaku, kulikuwa na uzi wa steelwool, ile ya kusugulia sufuria, umejiviringa na kuanza kukwaruza waya za shaba. Sumaku ya mota inavuta kila kipande cha chuma kilicho karibu. Boksi la droni lilikuwa limewekwa kwenye stoo moja na vyombo vya jikoni. Tangu siku hiyo boksi lina rafu yake, na halilali karibu na steelwool wala karibu na mafundi wa kuchomelea.

Labda ingeruka zile dakika tano na kushuka salama. Watu wawili watatu waliniambia hivyo, na siwezi kubishana nao. Lakini rubani hapimi kazi yake kwa yale ambayo labda yasingetokea. Anapima kwa kile alichokishika mkononi asubuhi ile.

Na sitaficha gharama. Kibali kipya kilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo mvua za kwanza zilipiga, na choo cha jirani kikaingia korongoni usiku. Mungu alisaidia hakukuwa na mtu ndani. Asubuhi yake mwenye choo alikuja kibandani kwangu, hakuleta simu. "Kama mngeruka ile siku," akasema. Nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kusema hapana kuna bei, na mara nyingine analipa mtu mwingine. Ndiyo maana naona ukaguzi haufai kuanza asubuhi ya wageni. Ukaanza siku mbili kabla, ile mota ningeibadilisha kwa utulivu, na saa tatu tungekuwa hewani. Siku hizo mbili tuliziomba baadaye kwa maandishi, na tukazipata.

Tuliporuka, kazi ilichukua dakika 40 kwa betri tatu. Kwenye picha tukahesabu nyumba tisa zilizo karibu mno na ukingo. Wahandisi wakaanza na upande huo. Yule mama wa Rutshuru akaja kuangalia kwenye skrini, akatafuta paa lake mpaka akaliona kwa lile tofali jekundu analowekea bati lisipeperuke. Akalikazia macho kwa muda. "Kumbe ni kidogo hivi," akasema. Sikujua kama anasema nyumba au maisha yetu hapa. Sikumuuliza.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, naomba jambo moja. Mkifika uwanjani, msiulize, "Inaruka?" Ulizeni, "Imekaguliwa na nani, lini?" Swali la kwanza linamsukuma rubani aseme ndiyo. Swali la pili linampa nafasi ya kusema ukweli. Na mkiandika bajeti, andikeni mapangaboi ya akiba na betri ya akiba pamoja na droni yenyewe. Droni bila spea ni kama pikipiki bila tairi la pili kwenye barabara ya mawe: itakwenda mpaka siku itakaposimama.

Kwa wanaoanza: nunua daftari. Zipe betri namba kwa rangi ya kucha, na kila ukiruka andika tarehe, betri namba ngapi, ilipaa na asilimia ngapi, ilishuka na ngapi, upepo ulikuwaje, na jambo lolote lililokushtua hata kama lilipita. Baada ya miezi miwili daftari litakuambia kwamba betri namba 3 inachoka, kabla haijakuambia yenyewe ikiwa juu ya nyumba ya mtu. Bosi akibadilika, mgeni akija na haraka zake, utamfungulia ukurasa badala ya kubishana.

Mafunzo ya kundi jipya yataanza Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwenye uwanja wa udongo nje ya zege. Njoo na daftari, kitambaa laini, na brashi ya rangi ambayo haijatumika. Droni yenyewe tutaiwasha wiki ya pili.